Siku moja kwenye mashini, barabara ya Kasapa

Saa kumi na moja alfajiri natoka Katuba. Ni Juni, na baridi ya Lubumbashi inakata masikio. Basi, uji, kufuli la kibanda. Saa moja na nusu kompyuta zimewaka: kopi za vitambulisho, barua za kuomba kazi, TFC za wanafunzi, yaani kazi zao za mwisho wa masomo. Watu hudhani anayepiga mashini ana vidole tu. Mimi husoma kila neno ninalolichapa. Kwa miaka kumi na sita nimekuwa msomaji wa kwanza wa vijana wengi wanaotaka kuwa waandishi, na wengine hawajawahi kupata msomaji wa pili.

Saa tatu aliingia kijana mwenye daftari mbili kwapani. Riwaya, kwa Kifaransa. Hakutaka kuniachia daftari, akasimama nyuma ya kiti changu na kunisomea. Nikachapa ukurasa wa kwanza, akasema nifute. Jua likawa mwezi. Mwezi ukawa jua tena. Saa nne na nusu tulikuwa papo hapo, na mama mmoja aliyeleta barua ya shule alishachoka akaenda kwa jirani. Mara ya saba niliondoa mikono mezani.

"Mwanangu, ukurasa huu siugusi tena mpaka uniletee wa mwisho. Hujajua hadithi yako inaishia wapi, utajuaje inaanzia wapi?"

Alinuna, lakini tukasonga mbele.

Saa tano umeme ukakatika. Nina desturi ya kuhifadhi kila aya, kwa hiyo tulipoteza mistari miwili tu. Yeye alishika kichwa kama mtu aliyeunguliwa na nyumba. Wakati jirani anatafuta mafuta ya jenereta, nilimwambia aendelee kusoma kwa sauti. Hapo nikasikia kilichokuwa kikinikera tangu asubuhi. Mama wa hadithi yake anauza mboga soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, nyumbani hakuna chakula, naye anawaambia watoto, kwa Kifaransa cha hakimu, kwamba hali ya fedha ya familia hairuhusu mlo wa jioni.

Nikamuuliza: mama yako mwenyewe, usiku kama huo, alisemaje?

Alitazama viatu vyake muda mrefu.

"Alisema: 'Leo bunga aiko. Mutalala vile.'"

Mwili ulinisisimka. Nikamwambia aandike hayo, hivyo hivyo. Akasema watu watacheka, Kiswahili chetu si cha vitabu. Nilikasirika kweli. Mwaka 1965, mji huu ukiitwa bado Elisabethville, André Yav aliandika historia ya mji wenyewe kwa Kiswahili hiki hiki, kwa niaba ya wafanyakazi wa zamani wa majumbani mwa Wazungu. Wasomi wa ng'ambo wanaisoma hadi leo. Sisi ndio tunaona haya!

Umeme ulirudi, sikuangalia saa. Wanafunzi wakajaa, kila mmoja anataka TFC yake leo, namba za kurasa zimeruka, pambizo hazilingani. Chakula kilikuwa chai. Mgongo ulianza kuuma, kisha shingo, kisha macho yakawa yanatoa machozi yenyewe. Kijana alikaa pembeni na kalamu, akikata maneno ya yule mama na kuyaandika upya. Mara kwa mara aliniuliza kitu nikiwa nachapa. Nilimjibu bila kugeuka: weka nakala sehemu mbili, maana kuna msichana alinilipa mara mbili kwa kitabu kimoja baada ya flashi yake kupotea. Na anayekuomba pesa kwanza ili akutolee kitabu, muulize vitabu alivyokwisha kutoa viko wapi, uvishike mkononi.

Giza lilikuwa limeingia nilipofunika kompyuta kwa kitambaa. Kijana alikuja mezani akaweka daftari zote mbili.

"Mama, bakia nayo."

Nilizitia kwenye mfuko, nikaweka mkate juu yake, na ndani ya basi niliupakata mpaka Katuba.