Chumvi kwa mizani: nilivyompikia bibi nyama yake ya Machi

Machi 2023 nilimvimbisha miguu bibi wa watu kwa sufuria moja ya nyama.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani hapa Lowell, Massachusetts, mji ambao ukitembea dakika kumi bila kusikia Kiswahili au Kikuyu, ujue umepotea njia. Bibi niliyekuwa nikimwangalia alikuwa na miaka 84, mjukuu wa Waayalandi, moyo wake dhaifu na presha juu. Tarehe 17 Machi ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick, na kwake sikukuu hiyo bila nyama ya chumvi na kabichi ni kama Idi bila pilau. Mwaka ule iliangukia Ijumaa ya Kwaresma, siku ambayo Wakatoliki hawali nyama, lakini maaskofu wengi wa Marekani walitoa ruhusa. Mimi ni nani nizuie walichoruhusu maaskofu?

Nikanunua pakiti dukani, nikachemsha kama ilivyoandikwa, viazi na kabichi humo humo. Bibi alikula siku tatu mfululizo, na mchuzi akiumwagia viazi kama mtu anayekula wali wa nazi. Siku ya nne mizani ya asubuhi ilionyesha ameongezeka kilo mbili. Nilipombonyeza juu ya kifundo cha mguu, kidole kikaacha shimo. Kwa mgonjwa wa moyo kilo mbili za siku tatu si mafuta, ni maji, na kinachoyashikilia ni chumvi. Nesi akaja, dawa ya kukojoza maji ikaongezwa, na binti wa bibi akapiga marufuku: nyama ya chumvi isiingie tena nyumba hii.

Bibi hakugomba. Wiki moja baadaye, nikimchana nywele, akaniuliza, "Binti, unadhani nimebakiza Machi ngapi?"

Swali hilo lilinikaa. Nikamwomba binti yake anipe nafasi moja, kwa sharti kwamba mtaalamu wa lishe wa kliniki atakubali hesabu yangu kwanza. Nilikuwa na sababu yangu pia. Nyama ya pakiti si halali kwangu, kwa hiyo nilikuwa napika kitu nisichoweza hata kukionja. Nikipata kidari kwa mchinjaji wa halali na kukitia chumvi mwenyewe, nitajua kilichomo na nitaonja.

Nyama yenyewe Wamarekani huiita corned beef, na miaka yangu ya kwanza hapa nilidhani ina mahindi. Haina. Neno corn zamani lilikuwa chembe yoyote, na hapa ni chembe kubwa za chumvi zilizotumika kuhifadhia nyama. Wala si ile ya kopo tuliyoijua Mombasa, iliyosagikasagika ukaikaanga na kitunguu. Hii ni kipande kizima cha kidari cha ng'ombe, kilicholala siku kadhaa katika maji ya chumvi na viungo, kisha kikachemshwa hadi kikalainika.

Bibi alipenda kunichekesha kwamba Ayalandi kwenyewe sikukuu hiyo hawaili. Ni kweli kwamba mji wa Cork ulikuwa ukitia nyama ya ng'ombe chumvi kwa wingi katika karne ya 17 na ya 18, hasa baada ya sheria za Uingereza za miaka ya 1660 kuwazuia kupeleka ng'ombe hai huko. Lakini nyama ile ilipakiwa melini, ikalisha mabaharia na makoloni; mkulima mwenyewe, akipata nyama, ilikuwa ya nguruwe. Walipohamia Marekani ndipo wakaikuta nyama ya ng'ombe rahisi, na New York walinunua kidari cha chumvi kwa wachinjaji wa Kiyahudi, watu wasiogusa nguruwe. Nilipolisikia hilo nikamwambia bibi, basi hata mimi wa halali nina haki katika chungu hiki.

Jaribio la kwanza, Januari 2024, lilikuwa aibu. Maelezo niliyoyapata yalisema vikombe viwili vya chumvi kwa lita nne za maji. Nikapima vikombe viwili vya chumvi laini ya mezani. Mwandishi yule alikusudia chumvi ya vipande vikubwa, ile ambayo kikombe chake kina gramu kama 140 tu kwa sababu ya hewa iliyo katikati ya vipande. Kikombe cha chumvi laini kinakaribia gramu 290. Nikawa nimetia mara mbili. Juu ya hayo, nyama ilipoiva ilitoka ya kijivu, si ile ya waridi ya dukani, nikajua imeoza. Nilikuwa naibeba kwenda kwenye pipa bibi aliponizuia. "Hiyo ndiyo ya mama yangu!" Kumbe huku New England, yaani majimbo haya ya kaskazini mashariki, nyama ya chumvi ya kijivu ni ya asili, rangi ya waridi huletwa na kemikali ambayo wazee wao hawakuitia. Basi nikaonja. Ilikuwa kama kulamba jiwe la chumvi. Mama mkwe wangu, ambaye nilimpelekea kipande, alitafuna kidogo akauliza, "Hii ni ng'ombe au ni papa?"

Neno hilo ndilo lililonifungua. Papa mkavu wa chumvi tunamla tangu utoto, na hakuna anayemtupa chunguni moja kwa moja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akimroweka usiku kucha, asubuhi anamwaga, anaweka maji mengine, kisha anamchemsha na kumwaga tena. Chumvi inaingia kwa maji na inatoka kwa maji. Nilijua hivyo tangu nina miaka saba, na bado nilikuwa nachemsha nyama ya Wazungu katika maji yake yenyewe na kumpa mgonjwa wa moyo mchuzi.

Nikanunua mizani ya jikoni inayopima gramu moja moja. Mtaalamu wa lishe ndiye aliyenieleza njia ya kuitumia. Badala ya kuloweka nyama katika maji makali na kuiwahi kabla haijazidi, unapima nyama na maji pamoja, unaamua asilimia ya chumvi unayoitaka, unatia hiyo tu. Baada ya siku za kutosha chumvi inasambaa sawasawa, ndani ya nyama na ndani ya maji, na haiwezi kupita kiwango ulichoweka hata ukisahau siku mbili.

Kidari changu kilikuwa kilo 2, maji lita 2. Jumla gramu 4,000. Tukachagua asilimia 2, yaani gramu 80 za chumvi kwa vyote.

Hapa pana mtego. Wazee wa zamani walitumia chumvi kali kwa sababu chumvi ndiyo iliyokuwa mlinzi. Ukiipunguza, umempa mlinzi likizo. Nyama inayokaa wiki nzima majini bila hewa inaweza kuzalisha sumu ya botulizimu. Kwa hiyo kijivu cha mama yake bibi kilibidi kisubiri, nikatumia chumvi ya kuhifadhia nyama yenye nitriti, ile kemikali iletayo rangi ya waridi, ambayo pia huzuia sumu hiyo: asilimia 6.25 nitriti na iliyobaki chumvi ya kawaida. Kipimo ni gramu 2.5 kwa kila kilo, kwangu gramu 10 kwa jumla ile ya kilo 4, nikazitoa katika zile 80. Hupakwa rangi ya waridi makusudi ili isichanganywe na chumvi ya mezani, maana ukiila kama chumvi ya kawaida inaua. Si chumvi ya waridi ya Himalaya, jamani, hiyo ni chumvi tu. Yangu niliiandika jina kwa wino mwekundu na kuifungia kabati la juu.

Je, nitriti ni salama? Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO, Shirika la Afya Duniani, liliweka nyama zilizosindikwa, hii ikiwemo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na likakadiria kwamba gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Kila siku. Sisi tulikuwa tunazungumzia mlo mmoja wa mwaka. Mtu anayeitia kwenye mkate kila asubuhi ana jambo la kufikiria. Bibi wa umri ule mwenye hamu ya sikukuu, mimi sikuona.

Nyama iliingia majini Ijumaa tarehe 8 Machi 2024. Nilichemsha maji na chumvi, gramu 40 za sukari, mbegu za haradali, dania, pilipili manga, karafuu sita na kipande cha mdalasini, nikaacha yapoe kabisa kabla ya kutia ile chumvi ya waridi na nyama. Viungo hivyo vyote nilikuwa navyo kabatini; mwanamke wa Mombasa hafundishwi karafuu. Nikafunga kwenye mfuko, nikaulaza kwenye friji isiyozidi nyuzijoto 4, kila jioni nikiugeuza. Jumatatu Ramadhani ikaingia.

Jumamosi usiku niliitoa, nikaiosha, nikairoweka kwenye maji baridi ndani ya friji hadi asubuhi, nikibadilisha maji wakati wa daku. Kwa heshima ya papa.

Jumapili ya sikukuu nilianza saa sita mchana nimefunga. Nyama kwenye maji baridi, ikachemka dakika kumi, povu la kijivu likapanda, nikamwaga yote. Maji mapya ya moto, moto mdogo. Usiache yatokote kwa fujo. Kidari ni msuli uliobeba ng'ombe maisha yake yote, umejaa kolajeni, protini ngumu inayoshikilia nyuzi za nyama, na kolajeni hugeuka jelatini laini polepole. Ukiharakisha nyuzi zinajikaza na nyama inakuwa kama kamba ya nanga. Kwa saa tatu sufuria ilikuwa inanong'ona tu, kiputo kimoja hapa, kingine pale. Viazi, karoti na kabichi nilivipika sufuria ya pili bila chumvi. Bibi akalalamika kwamba kabichi isiyoguswa na mchuzi ni chakula cha sungura. Tukapatana: upawa mmoja, baada ya kuengua mafuta. Aliponiuliza kuhusu ile chumvi ya kopo isiyo na sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayoshikilia maji mwilini, nilikataa katakata. Hiyo ni ya potasiamu, na kwa mtu wa dawa zake za presha inaweza kuupandisha potasiamu mwilini hadi kuusumbua moyo. Daktari ndiye aseme, si mimi.

Kuonja nilitamani, na najua wanazuoni wengi wanamruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Lakini nilikuwa na mizani. Gramu 100 za nyama mbichi zilikuwa na chumvi gramu 2, yaani sodiamu kama miligramu 800, kabla ya kuroweka usiku kucha na kumwaga maji mawili. Ile ya kawaida ya dukani ina zaidi ya 1,200 ikiwa mbichi, na ikishaiva karibu 970. Machi iliyotangulia bibi alikuwa akila kama gramu 250 kwa mkao mmoja, sodiamu miligramu 2,400 bila kuhesabu mchuzi, wakati WHO inamtaka mtu mzima asifike 2,000 kwa siku nzima, na yeye kliniki ilikuwa imempa 1,500.

Uma ulipoingia na kutoka bila kung'ang'ania, nilizima moto, nikaiacha nyama ipumzike robo saa. Tazama nyuzi zinakokwenda kabla ya kushika kisu. Zinaonekana wazi, kama mikeka iliyolazwa upande mmoja. Ukikata kuzifuata, mzee mwenye meno ya bandia atatafuna hadi kesho. Ukikata kwa kuzikingama, vipande vyembamba, vinaachana vyenyewe. Niliondoa utepe wa mafuta, maana gramu 100 za nyama hii ikiiva zina mafuta kama gramu 19 na protini 18. Protini hiyo, pamoja na madini ya zinki na vitamini B12, ndiyo iliyomfanya mtaalamu wa lishe asinifukuze. Bibi alikuwa anakula mkate na chai tu na misuli ilikuwa imemwisha.

Vipande vitatu, gramu 85, nimepima mbele yake. Alitia haradali, akafumba macho. Nikasubiri.

"Rangi si yenyewe," akasema. "Na chumvi haijafika." Akamaliza sahani.

Mimi nilionja Maghrib ilipoingia, saa moja kasoro kidogo jioni, baada ya tende. Ilikuwa laini, karafuu kwa mbali, chumvi ya kutosha mtu aliyeshinda na kiu. Iliyobaki nilienda nayo nyumbani, binti yake akisimamia mlangoni kuhakikisha haibaki. Kesho yake nikaikatakata na viazi na pilipili mbuzi kwa futari, na mama mkwe hakuuliza habari za papa.

Jumatatu, Jumanne na Jumatano nilimpandisha bibi kwenye mizani kabla ya chai. Namba ile ile. Jumatano, nikimvua sweta lake ili nilifue, kitu kikagonga sakafuni kutoka mfukoni: kichupa cha chumvi cha mezani, kifuniko kimefungwa kwa plasta. Aligeuza uso dirishani. Nikakiokota, nikakitikisa; kilikuwa kimejaa, hakijaguswa. Nikakirudisha mfukoni mwa sweta jingine.