Mwendo wa mbeba maji: kumbukumbu ya mradi, awamu ya mzigo

Mhusika ni mwanamke wa urefu wa mita 1.65, amefunga leso kiunoni, na kichwani ana jerikeni ya manjano ya lita 20, ile inayoonekana kila kona ya Kampala. Kazi inafanyika kwenye Blender, programu ya animesheni ya 3D, kwa fremu (picha) 24 kwa sekunde. Mwendo wake bila mzigo umeshakamilika: fremu 12 kwa kila hatua, pozi nne za kawaida, yaani kugusa, kushuka, kupishana na kupanda. Awamu hii ni ya kumpa uzito.

Anayejifunza animesheni ya kutembea angefaidika kuanza na mbeba maji mapema. Mikono inayopepea huficha nyonga mbovu. Mkono mmoja ukishika jerikeni na kichwa kikitulia, jicho la mtazamaji linabaki kwenye nyonga na nyayo, na hapo ndipo uzito hukaa.

Video ya kuigia ipigwe kwa ruhusa ya anayetembea, kutoka ubavuni, simu ikiwa usawa wa nyonga zake. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo usinakili hesabu ilivyo. Hatua iliyochukua fremu 17 au 18 za simu ni fremu 14 kwenye Blender. Hiyo 14 ndiyo tuliyoichukua, na mzunguko mzima wa hatua mbili ukawa fremu 28. Mguu wa kulia unagusa kwa kisigino fremu ya 1, mwili unashuka ya 4, miguu inapishana ya 8, mwili unafika juu ya 12, kisha mguu wa kushoto unagusa ya 15. Upande wa pili ni 18, 22, 26, na 29 ambayo ni nakala ya 1. Kucheza kuishie 28. Ukiiacha 29 ndani, pozi moja inaonekana mara mbili mfululizo na mwendo unakwama kidogo kila mzunguko.

Sasa nyonga. Wengi wakisikia mzigo uko kichwani huzinyoosha kabisa zisipande wala kushuka, na mhusika anateleza kama yuko juu ya magurudumu. Si hivyo watu wanavyobeba. Utafiti uliochapishwa mwaka 1986 katika jarida la Nature, uliowapima wanawake wa Kiluo na Kikikuyu wa Kenya, ulionyesha kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati ya ziada, Waluo wakiweka mzigo juu ya kichwa na Wakikuyu wakiuning'iniza kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Utafiti wa baadaye ulieleza sababu: mwili wao unapanda na kushuka juu ya mguu kama pendulamu, na nishati ya kushuka inatumika vizuri zaidi kusukuma mbele. Kwa hiyo kupanda na kushuka kubaki. Kinachoondolewa ni mshtuko na kuyumba. Lita 20 za maji ni kilo 20, theluthi ya mtu wa kilo 60, kwa hiyo huyu wetu lazima pia aonekane anafanya kazi.

Vipimo vilivyokubali: nyonga zimeshushwa sentimita 2 kutoka usawa wa kusimama, ili magoti yasinyooke kabisa. Kutoka hapo zinashuka 2.5 kwenye fremu ya 4 na kupanda 1.5 kwenye ya 12. Zinasogea sentimita 2 kuelekea mguu unaobeba mwili wakati wa kupishana. Zinageuka nyuzi 5 kufuata mguu wa mbele, na mifupa mitatu ya mgongo (mifupa ya kidijitali inayosogeza umbo la mhusika) inagawana kuzirudisha hizo nyuzi 5, hadi kifua kinabaki kikitazama mbele. Kichwa kimefungiwa mzunguko wa mfupa mkuu wa mhusika, si wa shingo, kwa hiyo hakigeuki hata kifua kikitikisika.

Kuteleza kwa nyayo ndiko kunakoharibu kazi nyingi, na dawa yake ni hesabu. Leso haitoi nafasi ya hatua ndefu, hivyo hatua ni sentimita 60. Mhusika akitembea papo hapo, unyayo ulio chini lazima urudi nyuma sentimita 60 kwa fremu 14, yaani 4.29 kila fremu, kwa mstari ulionyooka kwenye dirisha la grafu. Mkunjo wowote hapo ni kuteleza. Mstari huo usikatwe fremu ya 15. Vidole bado viko ardhini hadi ya 18, kwa hiyo unaendelea kutoka -30, yaani sentimita 30 nyuma ya mwili, hadi karibu -43 huku kisigino kikiinuka kwa kuzungukia vidole. Kukagua, weka mistari ardhini inayorudi nyuma kwa kasi hiyohiyo na utazame kama unyayo unaondoka juu ya mstari wake.

Goti likiruka ghafla kati ya 26 na 29, mguu umenyooka hadi mwisho wa urefu wake na IK, mfumo unaokunja goti lenyewe kufuata unyayo ulipo, imekosa nafasi. Shusha nyonga sentimita moja au punguza hatua. Usilifiche kwa kuongeza fremu kuu, yaani fremu unazoziwekea pozi mwenyewe, kwenye goti.

Kubandika pozi kwa kugeuza upande, Ctrl+Shift+V, kunaokoa muda mwingi mifupa ikiwa na majina yanayoishia .L (kushoto) na .R (kulia). Hapa tumegeuza miguu, nyonga na mgongo tu. Mikono haigeuzwi, kwa sababu wa kulia unashika jerikeni. Kiganja hicho kimefungwa kwenye jerikeni, na jerikeni kwenye kichwa. Kikifungwa kwenye kifua, vidole vinateleza kwenye mshikio. Kati ya kichwa na jerikeni kuna kata ya majani ya mgomba yenye unene wa sentimita 4. Bila kata, plastiki inaingia ndani ya fuvu. Mkono wa kushoto unapepea nyuzi 12 mbele na 8 nyuma, kiwiko kikichelewa fremu 2.

Kwenye kompyuta ndogo, Blender ikiachwa icheze kila fremu, hupunguza kasi kimyakimya, na utaharakisha mwendo usiohitaji kuharakishwa. Ruhusu iruke fremu, au toa video fupi ya majaribio, kabla ya kugusa muda wowote.

Kinachofuata ni mlima, kama ule wa kutoka Wandegeya kwenda Makerere. Mwili utaegemea mbele kutoka vifundo vya miguu, shingo itarudisha kiasi hichohicho ili jerikeni ibaki wima, na unyayo utagusa karibu bapa badala ya kisigino.