Nakala tatu za picha ya nyanya

Nyanya alipofariki nilichapisha nakala tatu za picha yake, siku moja, kwa printa ile ile na karatasi ile ile inayong'aa. Ya kwanza niliitia kwenye fremu ya kioo, nikaitundika sebuleni. Ya pili niliibana ukutani kwenye ujia wa jikoni, bila kioo, mahali jua halifiki. Ya tatu niliitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga kwa selotepu na kuuficha kabatini.

Mwaka wa pili mama akaniuliza, "Mbona nyanyako amekuwa mwekundu?" Alikuwa akiitazama ile ya ujiani. Leso ya buluu imekuwa kijivu, uso umekuwa rangi ya tofali. Ya sebuleni, inayopigwa na mwanga kutwa, ilikuwa imepauka kidogo tu. Nilishangaa, maana siku zote nililiogopa jua.

Nilipoibandua, zile pembe zilizofunikwa na vibanio zilikuwa buluu vilevile, kama juzi. Kumbe iliyoila picha ni hewa. Karatasi hizi zinazokauka papo hapo zina vitundu vidogo mno vinavyofyonza wino, na hewa hupita humo humo. Gesi ya ozoni iliyo hewani huuvunja wino ambao rangi yake imeyeyuka majini, kama ule niliotumia, na mara nyingi samawati ndiyo hutangulia kuondoka. Zikabaki nyekundu na manjano. Nyumba yetu Mombasa madirisha hayafungwi, upepo unapita usiku na mchana.

Ile ya kabatini rangi zake zilikuwa nzima, ila karatasi ilikuwa imeingia umanjano, hasa kandokando ya selotepu. Gundi na plastiki duni hutoa kemikali, na karatasi ya namna hii huzinyonya.

Bahati nzuri faili nilikuwa nalo. Safari hii nilitafuta wino wa pigmenti, wenye chembe za rangi zisizoyeyuka, na karatasi ya pamba isiyotiwa dawa ya kung'arisha weupe, kwa sababu dawa hiyo ikichoka karatasi huonekana ya manjano. Nikachapisha picha upya, nikaiacha ikauke siku nzima kabla ya kuipeleka kwa fundi wa fremu. Yeye akaweka ukingo wa kadi kuizunguka picha. "Kioo kisimguse," akaniambia, "kwa unyevu huu wa pwani kitamnata." Nyuma akaziba kote.

Nakala nyingine mpya iko kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Kila Idi naitoa, naisimamisha kando ya fremu. Huu ni mwaka wa nne, na leso zote mbili bado ni buluu moja.