Embe Kooni

Kwetu Pemba, upande wa Wete, kaskazi ikianza kuvuma miembe huwa imeshalemewa. Usiku ukilala unazisikia embe zikianguka nyuma ya nyumba, pu, kimya, pu tena. Wanaoziangusha ni popo. Sisemi vipopo vya darini. Nasema popo wetu wakubwa wenye manyoya mekundumekundu, ambao hawaishi pengine popote duniani isipokuwa kisiwa hiki, na mabawa yao yakikunjuliwa hufika kiasi cha mita moja na nusu. Waliwindwa mpaka wakakaribia kwisha, kisha miaka ya 1990 watu wakaanza kuwalinda, wakaongezeka. Mimi nimekua nikiwasikia wakigombana mwembeni, na mpaka leo kaskazi isiyo na kelele zao naiona pungufu.

Alfajiri moja ya msimu huo Bibi alitoka kumkamua Pambo, ng'ombe wake mwekundu, akakuta kigingi kimeng'oka. Pambo alikuwa chini ya mwembe, shingo kainyoosha, udenda unamchuruzika hadi chini, anakohoa bila kutoa kitu. Ubavu wa kushoto ulikuwa umetuna, ngozi imekaza. Bwana mifugo alinieleza baadaye kwamba ng'ombe hana budi kupiga mbweu kila wakati, na koo likiziba, hewa hujaa tumboni ikambana mapafu. Siku ile hatukuyajua hayo. Tuliona tu kwamba anakufa, tena akiwa na mimba.

Ami alishatoka na kisu. "Mama, tumchinje sasa hivi, asije akafa kibudu."

"Ngoja kwanza, mwanangu." Bibi alikuwa akimpapasa shingo taratibu, kutoka kifuani kwenda juu, kama anayetafuta sindano iliyopotea kwenye godoro. Akasimama. "Ipo hapa. Embe hii, haijafika mbali."

Akaagiza mafuta ya nazi. Akajipaka mkono wa kulia mpaka kiwikoni, Ami akaweka kisu chini akazishika pembe, sisi watoto tukaning'inia kwenye kamba. Kipande cha mti kikapachikwa kati ya magego ili asiweze kufunga mdomo. Mkono wa kushoto wa Bibi ulisukuma kwa nje, kutoka chini kwenda juu, na ule wa kulia ukazama kinywani. Alikuwa na mkono mdogo, wa mwanamke aliyechuma karafuu umri wake wote. Alisoma Bismillahi, akanyamaza, akaisoma tena.

Embe ilitoka mbichi, kijani, bila hata alama ya jino. Kisha Pambo akapiga mbweu iliyowakurupusha kuku wote, na tumbo likaanza kushuka mbele ya macho yetu. Mkono wa Bibi ulichubuka vibaya, lakini hakutaka kuoshwa mpaka ahakikishe ng'ombe amekunywa maji.

Ami alitaka kuukata mwembe. Bibi akakataa katakata. Badala yake ikawa kazi yetu kuziokota embe kabla mnyama yeyote hajafunguliwa: mbichi za kutia kwenye mchuzi wa samaki, mbivu za kula, zilizoumwa na popo zinakatwakatwa za mbuzi.

Masika Pambo akazaa dume jekundu. Aliyelilea ni Ami mwenyewe, akalinyoa na kulisugua kwa maji ya mto, na lilipokomaa akalipeleka kwenye mchezo wa ng'ombe, ule wetu wa kucheza na dume uwanjani bila kuliua, wanawake wakiliimbia na kulipigia vigelegele, na Bibi yumo miongoni mwao.