Sauti ya Baba Yake Bibi

Mwezi wa kumi mwaka 2013, bibi mmoja wa kanisani kwetu aliniita nyumbani kwake baada ya ibada, akaniwekea mezani mfuko wa turubai uliopauka. Ndani mlikuwa na ukulele, ala kama gitaa dogo lenye nyuzi nne. "Wewe unapiga gitaa pale kwaya," aliniambia. "Huu ulikuwa wa baba yangu. Nataka niusikie tena kabla sijaondoka."

Alikuwa na miaka 88. Nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza, naye alikuwa amejifunza kuitikia "marahaba" vizuri kabisa. Tulikuwa Bethlehem, mji wa Pennsylvania, Marekani, ulioanzishwa na Wamoravian mwaka 1741. Mimi nilibatizwa katika kanisa la Moravian kule Kyela, Tanzania, na hilo peke yake lilifanya nisiwe mgeni kabisa katika mji ule wenye baridi.

Ukulele ulikuwa mwepesi kama kibuyu kikavu. Nyuma ya kichwa palikuwa na muhuri: Martin, Nazareth. Nazareth si mbali, ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa gari. Kiwanda cha magitaa cha Martin kilijaribu kutengeneza ukulele mara ya kwanza mwaka 1907 hivi, lakini walizijenga kama magitaa, zikiwa na mihimili mingi ndani, nazo hazikuvuma. Mwaka 1916 walikuwa wameshaelewa kile ambacho mafundi wa Hawaii, Wareno waliotoka Madeira mwaka 1879, walikijua tangu mwanzo: sanduku liwe jembamba, jepesi, litetemeke lote. Huu wa Bibi ulinunuliwa kabla yeye hajazaliwa, na alizaliwa mwaka 1925.

Nyuzi zilizokuwepo ni za nailoni nyeusi, kaka yake alizifunga miaka ya hamsini. Mbili zilikuwa zimekatika. Nikaenda dukani nikanunua nyuzi za fluorokaboni, aina ya plastiki, kwa sababu kila mpigaji niliyemfahamu alizisifu. Nilipozishika nilitabasamu. Kumbe ni mshipi wa kuvulia samaki! Utotoni kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, gitaa langu la kwanza lilikuwa la debe, na nyuzi zake nilizikata kwenye mshipi wa baba mdogo.

Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho. Aliponyamaza muda mrefu nikajua. "Ni nzuri sana," alisema kwa upole. "Lakini huyu siye baba."

Na alikuwa na haki. Fluorokaboni ni nzito kuliko utumbo wa mnyama, ambao ndio uliotengenezewa nyuzi zamani, kwa hiyo kwa noti ileile na mvutano uleule uzi wake unakuwa mwembamba, na uzi mwembamba huimba kwa ukali, unang'aa na kuendelea kulia baada ya kidole kuondoka. Nikajaribu nailoni mpya. Hiyo ni nyepesi kuliko utumbo, uzi wake unakuwa mnene, na sauti ikawa ya duara, imepooza kidogo. Bibi hakusema kitu. Alinimiminia kahawa tu.

Usiku ule ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningepaswa kuanza nayo. Nailoni ilitangazwa mwaka 1938. Nyuzi za nailoni za magitaa zilianza kushika njia baada ya Vita vya Pili, maana wakati wa vita nyuzi za utumbo zilikuwa adimu, utumbo ulihitajika kwa madaktari wa kushona majeraha. Bibi alikuwa akimsikiliza baba yake miaka ya thelathini mwanzoni, amekaa sakafuni karibu na jiko. Alichokisikia hakikuweza kuwa kingine isipokuwa utumbo wa kondoo.

Niliagiza kwa fundi anayetengeneza nyuzi za ala za kale. Zilikuja zimeviringishwa kwenye karatasi, rangi ya asali, wa kwanza mwembamba wa nusu milimita na ushee, wa tatu ukikaribia milimita moja. Vigingi vya mbao vilikuwa vikiteleza, nikavipaka chaki na sabuni kavu kidogo. Nikafunga mafundo, nikakaza taratibu, nikaogopa kila mlio wa mbao.

Hiyo ndiyo ilikuwa sauti, nilijua kabla sijamaliza kukaza. Kavu, fupi, yenye mkwaruzo wa kidole ndani yake, kama mtu anayeongea karibu na sikio. Haikai hewani. Inasema na kunyamaza, ndiyo maana mkono wa kulia unalazimika kuendelea. Mimi hadi leo naipenda kuliko zote, ingawa utumbo una tabia ya kubadilika kila hali ya hewa ikibadilika, na katika nyumba ya Bibi yenye joto la mashine nililazimika kulinganisha nyuzi upya kila baada ya wimbo mmoja.

Bibi aliinamisha kichwa. "Karibu," alisema. "Karibu sana. Lakini baba alikuwa juu zaidi."

Sikumwelewa. Akainuka, akaingia chumbani, akarudi na karatasi ya wimbo iliyokunjika pembe zote. Juu ya maneno kulikuwa na vile vijisanduku vya kuonyesha vidole, na pale mwanzo kabisa herufi nne: A, D, F#, B. Mimi nilikuwa nimeweka G, C, E, A, kama ilivyo kawaida siku hizi. Kwa sisi tuliolelewa kwenye solfa ni kitu kimoja, so, do, mi, la, ila do yangu ilikuwa kwenye C na ya baba yake kwenye D. Tofauti ya hatua moja tu. Lakini hatua hiyo huongeza mvutano wa uzi kwa karibu robo, na kisanduku chepesi kama kile kinausikia.

Nikakaza. Bibi aliweka kiganja chake juu ya mbao, karibu na shingo, kabla sijagusa uzi. Nikapiga ule wimbo wa kwenye karatasi, polepole kwa sababu nilikuwa nikiusoma. Hakuimba. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Nilipofika mwisho alisema, "Tena," na baadaye, "Tena," na kiganja hakikutoka pale hadi kahawa ikapoa kwenye vikombe vyote viwili.

Uzi wa kwanza ulianza kuchanika nyuzinyuzi baada ya wiki tatu, ukakatika wiki iliyofuata. Nilikuwa na wa akiba. Ule uliokatika Bibi aliuomba, akauviringisha kidoleni, akauweka ndani ya karatasi ya wimbo na kuikunja.