Simiti haifai kwenye ukuta wa zamani

Ukipita Main Street ya Jinja, mji wa Uganda kando ya ziwa, inua macho juu ya vibao vya matangazo. Kwenye paji la maduka mengi utaona majina na miaka iliyofinyangwa kwa plasta na mafundi wa enzi za pamba. Kisha shusha macho hadi usawa wa magoti, uone ukuta huohuo unavyomenyeka na kumwaga unga mwekundu kwenye baraza. Wapitao husema jengo limezeeka. Kwa sehemu kubwa jengo linaumwa na plasta ya simiti iliyopigwa juu yake kwa nia njema.

Matofali ya zamani yalichomwa kwa kuni kwenye matanuri ambayo moto wake haukuwa sawa. Ya katikati yaliiva, ya pembeni yakabaki laini, na yote hunywa maji. Yalijengewa kwa udongo au chokaa, na misingi mingi haina tabaka la kuzuia unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini kila msimu wa mvua, na ukuta huyatoa nje kidogo kidogo kupitia plasta ya chokaa. Ukipiga simiti umeziba njia hiyo. Maji yatapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, mara nyingi ndani ya chumba, na chumvi zilizomo zitaganda nyuma ya plasta, zivimbe na kuvunja uso wa tofali. Isitoshe, simiti ni ngumu kuliko ukuta ulioibeba. Jua likichoma, ukuta hucheza na simiti hupata nyufa nyembamba kama unywele. Mvua huingia kwa nyufa hizo na haitoki.

Kwa hiyo usianze na plasta, anza na maji. Angalia ardhi ya nje: barabara na vijia vimeinuliwa mara nyingi hadi sakafu ya duka imekuwa chini ya mtaa. Chimba pembeni mwa ukuta hadi ardhi iwe sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu, weka mteremko wa kwenda mbali na jengo, na usiruhusu vitofali vya kutandika chini viguse ukuta. Kwenye paa, mfereji uteremke angalau sentimita 1 kwa kila mita 2, na bomba la kushusha maji liwepo takriban kila mita 10. Bomba lililopasuka huharibu ukuta kuliko miaka yote iliyoandikwa kwenye paji lake. Na anayemwaga zege ndani juu ya karatasi ya nailoni ajue kwamba unyevu uliokuwa ukitokea sakafuni sasa utaelekea kutani.

Ndipo simiti itolewe. Gonga ukuta kwa kidole au mpini wa nyundo. Pale plasta ilipoachana na tofali hulia kama debe tupu, na hapo ndipo pa kuanzia. Tumia patasi na nyundo ndogo. Grenda na mashine za kuvunjia zisikaribie, kwa sababu hukata matofali na kutikisa viungio. Mahali simiti imeshika kiasi kwamba ikitoka inaondoka na uso wa tofali, iache. Uso wa tofali ndio uliochomwa vizuri zaidi; ukitoka, kilichobaki ni laini na haukirudishi. Baada ya hapo ukuta uachwe wazi upumue, ikiwezekana kiangazi kizima, na chumvi itakayotokeza kama unga mweupe ipigwe brashi ikiwa kavu. Ukiiosha kwa maji umeirudisha ndani.

Chokaa ipo nchini. Tororo na Kasese ni maeneo ya mawe ya chokaa tangu zamani. Ukipata mawe yaliyotoka tanurini bado makali, tumbukiza chokaa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya chokaa, maana huchemka na kuruka. Miwani na glavu ni lazima, kwani tone moja laweza kupofusha jicho. Ichuje, ifunike kwa maji, iache kwenye pipa angalau wiki tatu, na miezi mitatu ni bora zaidi. Ukinunua ya unga ya mfuko, iwe mpya, na iloweke usiku na mchana kabla ya kuitumia.

Kipimo ni ndoo 1 ya chokaa iliyoiva kwa ndoo 3 za mchanga mkali uliooshwa, wenye chembe kubwa na ndogo. Sehemu zinazopigwa na mvua ongeza nusu ndoo ya unga wa matofali laini yaliyosagwa. Husaidia chokaa kushika hata penye unyevu. Changanya kwa kukanyaga na kupiga, maji kidogo tu. Lowesha ukuta jioni na tena asubuhi, kisha rusha tabaka la kwanza kwa mwiko, lisizidi milimita 10. Likianza kushika, likwaruze, subiri wiki moja au mbili, ndipo upige la pili. Magunia mabichi yafunike kazi kwa siku saba. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa polepole, na jua kali likiikausha mapema hubaki unga. Ikipasuka, chanzo huwa tabaka nene, mchanga wenye udongo, au ukuta uliokuwa mkavu ukanyonya maji yote. Mwisho paka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Rangi ya plastiki itarudisha tatizo lilelile.

Mabadiliko hayaepukiki. Mwenye duka anahitaji choo, umeme na chumba cha akiba, na jengo lisilotumika hufa upesi kuliko linalotumika. Ninachoomba ni mabadiliko yanayoweza kuondolewa: vyumba vya fremu nyepesi zisizoshikizwa kwenye dari ya zamani, vyoo upande wa uani, skrubu kwenye viungio badala ya tofali. Jambo moja husahaulika: vigae vya zamani vina uzito wa takriban kilo 40 kwa mita ya mraba, mabati ni kilo nne au tano. Ukibadilisha, paa halina tena uzito wa kulizuia, na upepo wa ziwani utaling'oa usipofunga kenchi kwa mikanda ya chuma iliyoshikizwa mita moja chini ndani ya ukuta.

Kibali cha ujenzi hutoka kwenye kamati ya majengo ya halmashauri, chini ya sheria ya mwaka 2013, na majengo yaliyotangazwa kuwa ya urithi yanalindwa na Sheria ya Makumbusho na Minara ya Kumbukumbu ya 2023. Lakini maduka mengi ya Jinja hayakai salama kwa karatasi. Wenye maduka, wengi wao wa asili ya Asia, walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, umiliki ukavurugika, na mpangaji asiyejua kama atakuwepo mwakani hununua mfuko mmoja wa simiti, si pipa la chokaa la miezi mitatu.

Makaburi ya Kasubi, walikozikwa wafalme wa Buganda jijini Kampala, yanaonyesha njia nyingine. Jumba la 1882 liliungua Machi 2010, na makaburi yalitolewa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Jumba lilirudi kwa sababu ukoo wa Ngeye bado unajua kuezeka. Mafundi wa chokaa hawana ukoo wa kuwabebea ujuzi wao, kwa hiyo kila kazi iwe na vijana wawili wanaofundishwa, na walipwe wakati wa kuiva kwa chokaa pia.

Fundi asiyewahi kuishika aanze na mita moja ya mraba, mahali pa uani, mwezi Juni. Aandike vipimo alivyotumia, airudie kuitazama Agosti, na kabla ya mvua za Septemba mfereji wa juu yake uwe umeshasafishwa.