Nauli ya Demetrio

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii sijalala vizuri, wacha niseme tu ukweli. Jumanne kulikuwa na kikao cha maoni ya wananchi kuhusu mswada wa kaunti wa maji machafu ya viwanda, na kampuni moja ambayo huo mswada ungeibana ikatuma matatu mbili zitubebe, tisheti, soda na elfu moja ya nauli. Nauli na nimebebwa! Nikachukua. Tukaulizwa mnaukubali, tukapiga kelele haaapana, na mimi hata ukurasa mmoja sikuwa nimesoma.

Usiku nafungua Matendo 19 najikuta mle ndani. Demetrio mfua fedha, mtengeneza vihekalu vya Artemi mungu wa kike wa Efeso, anaona mahubiri ya Paulo yatamharibia biashara, anaita mafundi wenzake anawaambia wazi, mnajua utajiri wetu unatoka kwa kazi hii, lakini huko nje husikii mtu akitaja pesa, ni Artemi wa Waefeso ni mkuu, masaa mawili mazima! Mstari wa 32 ndio ulinimaliza, eti wengi wao hawakujua hata wamekusanyikia nini. Huyo ni mimi na tisheti yangu.

Kuna kampuni zinazotumia mawakili badala ya matatu. Kanuni za tumbaku za 2014 hapa Kenya zilitaka kampuni za tumbaku zichange asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kwa mfuko wa kudhibiti tumbaku, zikawekea mipaka hata vile maafisa wa serikali watakutana na hao wa sigara, kampuni ya sigara ya BAT ikaenda kortini ikisema, kati ya mengine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ikatupwa Novemba 2019. Miaka jamani. Kushtaki ni haki yao, sigombani nao. Ila ona, wao wanajua maoni ya mwananchi yana uzito wa kupelekewa majaji, sisi tunayaachilia kwa soda.

Na tusisingizie wanasiasa. Kila Jumapili tunalia Mungu atupe viongozi wasionunulika, na kwenye ile matatu nilikaa na mashemasi wawili na nusu ya kwaya, tukiimba! Kutoka 23:2 inasema usiandamane na mkutano kutenda uovu, haikusema isipokuwa kuna lanchi. Halafu ule mto unaopokea hayo maji machafu ndio tunabatizia watu wetu kila Agosti, ndugu zangu, ule ule.

Ile elfu bado iko ndani ya Biblia, nimeshindwa kuila na sijui nimrudishie nani. Maoni ya kuandika yanapokelewa hadi Ijumaa, mwenye nakala ya mswada anitumie tafadhali.